Kipya Kinyemi? Familia Moja Ndani ya Meli Kongwe

Wahenga wetu walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika maisha yetu ya mjini msemo huo waonekana kutawala kuliko mingine yote. Mtu akitaka kusafiri na watoto wake, jambo la kwanza analouliza kituoni ni kama basi ni jipya. Akipanga nyumba, atauliza imejengwa lini. Hata sufuria ya mama mzazi, iliyopika pilau la harusi tatu, yatupwa jalalani kwa sababu tu ubavu wake umebonyea. Tumezoea kuamini kwamba upya ni usalama na ukongwe ni hatari, wala hatujipi nafasi ya kuchunguza kama imani hiyo ina msingi.

Juma hili ukurasa wetu wawaletea wasomaji simulizi ya familia moja ya hapa Dar es Salaam ambayo ililazimika kuichunguza imani hiyo. Haikufanya hivyo kwa maneno matupu, bali kwa kupanda na watoto watatu katika meli iliyokuwa karibu kutimiza miaka mia moja.

Baba wa familia hiyo ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo, na mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Hawakupenda majina yao yachapishwe gazetini, nasi tumeliheshimu ombi hilo. Walinisimulia safari yao wakiwa pamoja na watoto wao. Binti yao mkubwa, ambaye wakati wa safari alikuwa na umri wa miaka 13 na sasa ni mtu mzima, alitoa daftari la shule ambamo aliandika kila alichokiona. Mengi ya haya yafuatayo yametoka katika daftari hilo.

KISA CHA SAFARI

Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 2014. Baba alikuwa amepata likizo yake ya mwaka. Mama yake mzazi aliishi Kirando, mji mdogo ulioko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika katika Mkoa wa Rukwa. Bibi huyo alikuwa ameanza kupoteza nuru ya macho, na ujumbe aliomletea mwanawe ulikuwa mfupi: ataka kuwaona wajukuu wake angali anaweza kuwatambua kwa sura. Mjukuu mdogo kabisa, aliyekuwa na miaka mitatu, alikuwa hajamwona hata siku moja.

Wangeweza kwenda kwa basi hadi Sumbawanga, kisha watafute gari la kuteremka ziwani. Baba hakutaka njia hiyo. Alitaka watoto waione njia aliyoipita yeye mwenyewe alipokuja mjini akiwa kijana: meli hadi Kigoma, kisha treni ya Reli ya Kati hadi pwani. Sasa wangeipita kinyumenyume. Meli hiyo ni Liemba, ambayo siku zile ilikuwa ikiteremka ziwa kila baada ya wiki mbili kutoka Kigoma hadi Mpulungu, nchini Zambia.

Mama alikataa katakata, wala kukataa kwake hakukuwa deko. Yeye ni mzaliwa wa Kagera. Tarehe 21 Mei 1996, akiwa msichana wa miaka 15, alimpoteza mjomba wake katika meli ya MV Bukoba, iliyopinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Tangu siku ile hakukanyaga tena chombo cha majini. Hata kivuko cha Kigamboni alikikwepa.

"Nilikubali kwa ajili ya mama mkwe," aliniambia. "Kumnyima mzee wa watu kuwaona wajukuu zake kwa sababu ya hofu yangu mimi, niliona ni dhuluma. Lakini nilipanda treni moyo wangu ukiwa umebaki nyumbani."

SWALI LA GATINI

Siku ya Jumatano, saa nane mchana, walikuwa gatini Kigoma. Binti ameandika katika daftari lake: "Mama hakuitazama meli. Aliyatazama maji."

Kwa hakika, meli yenyewe haikuwa ya kumtisha mtu kwa ukubwa. Siku hizi twaona picha za meli za starehe za nchi za ng'ambo, mfano wa Icon of the Seas iliyoanza safari zake Januari 2024, ambayo ina urefu wa mita 365 na yaweza kuchukua watalii zaidi ya 7,000. Liemba ina urefu wa mita 71 tu na upana wa mita kumi hivi. Meli tano za namna hiyo zikipangwa mstari mmoja ubavuni mwa ile ya kitalii hazitaufikia mwisho wake. Ndani yake hakuna bwawa la kuogelea wala ukumbi wa sinema. Kuna vyumba vichache vya kulala, mkahawa mmoja, sitaha yenye kivuli, na daraja la tatu ambako watu na mizigo hukaa kama ndugu wa tumbo moja.

Penye ngazi alisimama serahangi mmoja mtu mzima, mwenye mvi. Mama alimwamkia, kisha akamwuliza swali lililomkaa kooni tangu Dar es Salaam: "Mzee, meli hii ina umri gani?"

Mzee hakuficha neno. "Ilishushwa majini mwaka 1915, mwanangu."

Mama asema magoti yalimlegea. Akambeba mdogo wake na kugeuka. Mzee akamwita: "Ngoja kwanza. Njoo uone vitu viwili, kisha kama ni kurudi, rudi."

Kitu cha kwanza kilikuwa sanduku la jaketi za kujiokolea. Mzee alitafuta mpaka akapata zilizowaenea watoto, akawavika na kuwafundisha kufunga kamba zake, akawataka wafungue na kufunga tena mbele yake. Cha pili kilikuwa mstari uliopakwa rangi ubavuni mwa meli, juu kidogo ya maji. Akaeleza kwamba mstari ule ndio kipimo cha shehena: meli ikipakiwa, huzama taratibu, na mzigo ukizidi, mstari hufunikwa na maji. "Ukiuona umezama," alisema, "usinisubiri mimi nikwambie. Shuka na wanao."

Mama alirudi kuutazama mstari ule mara tatu kabla meli haijang'oa nanga saa kumi jioni.

CHOMBO KILICHOZIKWA KIKAFUFULIWA

Yafaa hapa tueleze kwa kifupi habari za meli yenyewe, kwa maana si wengi wanaozijua.

Liemba iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, wakati nchi yetu ilipokuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Ilipokwisha kuundwa ilifunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapelekwa Kigoma kwa reli. Huko mafundi watatu kutoka kiwandani, pamoja na vibarua wengi, waliiunga upya. Ilishushwa ziwani tarehe 5 Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen, aliyekuwa gavana wa koloni hilo.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kuwaka. Mwezi wa Julai 1916, Wajerumani walipoona kwamba Kigoma yawaponyoka, waliizamisha meli kwa mikono yao wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kila mahali. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na baada ya miaka minane tangu kuzamishwa, mitambo ile ilionekana bado yafaa kutumika. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe katika sehemu zake za kusini.

Tangu hapo haikukoma kutengenezwa. Katika miaka ya 1970 iliachana na mvuke na kutiwa injini za dizeli, na katika miaka ya 1990 ikafanyiwa matengenezo mengine makubwa. Kwa hiyo mtu akisema "meli ya mwaka 1915", yampasa akumbuke kwamba kilicho cha mwaka huo ni kiunzi na chuma cha mwili wake. Mengine yote yamebadilishwa, yamepakwa rangi na kukazwa upya, na mikono ya watu ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote.

MAISHA YA NDANI

Familia yetu ilipata chumba cha daraja la pili chenye vitanda vinne, viwili juu na viwili chini, na dirisha dogo la mviringo. Watu watano katika chumba cha namna ile hawawezi kukaa wote kwa pamoja. Lazima mmoja asimame mwingine apite. Saa ya kwanza ilikuwa ya manung'uniko. Mtoto wa pili, mvulana wa miaka tisa, alitaka kitanda cha juu, na dada yake naye akakitaka. Baba alishika simu yake mpaka mtandao ulipokatika milima ya Kigoma ilipoachwa nyuma, kisha akaitia mfukoni.

"Nyumbani," baba aliniambia, "mimi natoka kiwandani usiku, mama anasahihisha madaftari, watoto wako kwenye televisheni. Twaishi nyumba moja lakini twaonana kama wapangaji. Mle melini hapakuwa na pa kujificha. Usiku ule wa kwanza ndipo nilipojua kwamba mwanangu anaogopa hesabu za mafungu. Alikuwa akiogopa mwaka mzima."

Yapata saa nne usiku honi ililia, na mashine zikapunguza mwendo. Watoto walikimbilia sitahani. Gizani, kutoka ufukweni, zilikuja taa ndogo ndogo na sauti za watu. Wakati ule sehemu kubwa ya vijiji vya mwambao ule havikuwa na gati, hivyo meli ilisimama majini na wenyeji wakaifuata kwa mitumbwi na mashua. Mara ubavu wote wa meli ukazungukwa. Wanawake wenye watoto migongoni walipanda, wengine wakashuka. Magunia ya dagaa na vikapu vya mananasi viliinuliwa kwa winchi. Watu wakapigiana kelele kwa Kiha, kwa Kibembe, kwa Kiswahili cha Tanzania na cha Kongo.

Mvulana alidhani ni ugomvi, akamshika mama yake mkono. Lakini mama, ambaye kwa kazi yake amezoea kutazama darasa lenye fujo, aliona jambo jingine. Aliona kwamba ndani ya kelele zile mna utaratibu. Mwenye kamba hupewa nafasi kwanza. Mzigo hausogei mtoto akiwa njiani. Mtoto mchanga hupitishwa mkono kwa mkono, na hakuna anayempokea kabla hajasema kwa sauti, "Nimemshika!" Naye anayemtoa hamwachii mpaka asikie neno hilo.

Usiku ule hapakuwa na mwezi, na ziwa lilijaa taa za wavuvi. Mzee mmoja wa daraja la tatu aliwaeleza watoto kwamba dagaa hufuata mwanga, ndiyo maana mvuvi huwasha taa kuwakusanya. Mwezi ukiwa mpevu samaki hutawanyika, na wavuvi hupata nafasi ya kushona nyavu. Binti ameandika: "Nilidhani ni mji. Kumbe ni watu kazini."

Kulipopambazuka milima ya Mahale ilikuwa upande wa kushoto, imevaa ukungu, na chini yake msitu wa sokwe ulioingia hadi ukingoni mwa maji. Chakula cha mchana kilikuwa wali na migebuka ya kukaanga. Watoto walikwisha kupata marafiki, wana wa mfanyabiashara aliyekuwa akienda Mpulungu, wakawa wanacheza bao la mawe juu ya sitaha. Mama aliketi kando yao, jaketi yake mapajani. Hakuwa amelala hata lepe moja.

MAGUNIA YALIYOACHWA

Mchana huo upepo wa kusi ulivuma. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 palipo kirefu zaidi, na urefu wake wapata kilomita 673. Upepo ukipata nafasi ya kukimbia juu ya maji mengi kiasi hicho, mawimbi yake si ya mchezo. Mdogo alitapika. Mwanamke mmoja wa daraja la tatu, ambaye hawakujuana kabla, alipanda ngazi na limau mkononi, akamnusisha mtoto, akaketi na mama mpaka bahari ile ya maji baridi ilipotulia.

Jioni walifika kijiji ambako wachuuzi walikuwa wamejaza mahindi katika mashua kadhaa. Winchi ikainua magunia, yakateremshwa ngamani, moja baada ya moja. Kisha serahangi akainua mkono na winchi ikasimama. Mashua mbili zilikuwa bado zimejaa.

Hapo ndipo kelele za kweli zilipoanza. Wachuuzi walilalamika kwamba meli haitarudi mpaka baada ya wiki mbili, na mahindi yatanyeshewa au yataliwa na panya. Wengine walitaja majina ya wakubwa. Mmoja akaonyesha noti mkononi. Hata baadhi ya abiria, waliochoka kungoja, walisema magunia thelathini si kitu kwa meli ya chuma. Baba mwenyewe alikiri mbele yangu kwamba alikuwa miongoni mwao.

Serahangi hakubishana. Alielekeza kidole chini, ubavuni mwa meli, akasema neno moja: "Mstari." Kisha akaagiza kamba zifunguliwe. Mashua mbili zikarudi pwani na mzigo wao, na wenyewe wakimlaani mpaka sauti zao zikapotea.

Mama aliniambia hivi: "Mume wangu alikasirika kwa kuchelewa. Mimi matusi yale yalikuwa matamu masikioni kama taarabu. Nilikwenda chumbani nikavua viatu, nikalala. Tangu mwaka 1996 sijapata kulala usingizi kama ule nikiwa safarini."

Waliamshwa saa saba usiku. Meli ilikuwa imesimama mbele ya Kirando, na chini gizani mashua ilikuwa ikipanda na kushuka kwa mawimbi. Baba alitangulia na binti, mvulana akafuata. Mama alibaki juu na mdogo. Kijana aliyesimama mashuani alinyosha mikono: "Mama, nipe mtoto." Mama hakumwachia. Kijana akarudia, akamshika mtoto makwapani, akasema kwa sauti kubwa: "Nimemshika!" Ndipo mama alipofungua mikono yake.

Pwani alikuwako bibi na taa yake. Aliwashika wajukuu nyuso zao mmoja mmoja, akiisogeza taa karibu. Alipoambiwa kwamba wamekuja na Liemba alicheka, akasema yeye aliijua ilipokuwa ikitoa moshi. Familia ilikaa naye wiki mbili. Bibi alifariki dunia mwaka uliofuata.

AJALI NA KINGA YAKE

Sasa, ndugu msomaji, tuirudie imani yetu ya kwamba kipya ndicho salama.

MV Bukoba, iliyomchukua mjomba wa mama huyu pamoja na mamia ya Watanzania wengine, ilikuwa meli ya mwaka 1979. Ilipopinduka ilikuwa na umri wa miaka 17 tu. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430, nayo ilibeba zaidi ya hao kwa mbali. Waliosafiri katika vyumba walikuwa na orodha ya majina, lakini wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Maana yake ni kwamba watu waliingia majini bila yeyote kujua idadi yao.

Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kichanga zaidi. Kiliundwa mwaka 2004, kikapinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228.

Msomaji atasema: mbona MV Spice Islander I, iliyozama kati ya Unguja na Pemba usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, ilikuwa meli ya mwaka 1967? Ni kweli, ilikuwa kongwe. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba ilibeba watu mara kadhaa ya uwezo wake. Kijana na mzee, wakitwikwa mzigo usiowezekana, wote huanguka.

Twapenda kusema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo humfariji mfiwa, na hapo hauna ubaya. Ubaya wake ni kwamba humfariji mzembe vilevile. Katika misiba hii mitatu kinga ilikuwako, nayo ilikuwa rahisi kuliko zote: kuhesabu, na hesabu ikitimia, kukataa. Serahangi yule wa Ziwa Tanganyika hakuwa na chombo cha kisasa mkononi. Alikuwa na mstari wa rangi na moyo wa kustahimili matusi.

Hatusemi kwamba ukongwe ni sifa. Chombo cha zamani chadai matunzo zaidi, kama mzee adaivyo, na kikichoka hakina budi kupumzishwa. Liemba yenyewe ilipofika mwaka 2018 ilisimamishwa kungoja ukarabati. Lakini kabla ya hapo, mwezi wa Mei 2015, mwaka mmoja haujapita tangu safari ya familia yetu, ndiyo iliyotumwa Kagunga, kijiji kilichozingirwa na milima, kuwachukua wakimbizi wa Burundi na kuwaleta Kigoma, watu wapatao 600 kwa safari moja. Meli iliyozamishwa kwa ajili ya vita ilitimiza miaka mia kwa kuwaokoa watu waliokimbia machafuko.

Iliposimama, watu wa mwambao walioitegemea kwa safari na kwa kuuza mazao yao walilazimika kurudia maboti ya mbao. Kusimama kwake ndiko kulikowakumbusha wengi thamani ya chombo walichozoea kukicheka kwa uzee wake.

KABLA HUJAPANDA

Kwa hiyo, mzazi unayejiandaa kusafiri na watoto kwa meli, kivuko au mashua, ukurasa huu wakushauri usiulize kwanza kama chombo ni kipya. Uliza haya.

Je, jina la kila mmoja wenu, pamoja na mtoto wa mgongoni, limeandikwa? Tiketi isiyo na jina haitoshi. Kama karani asema mtoto haandikwi, sisitiza aandikwe.

Je, jaketi za kujiokolea ziko wapi, na je, zipo za watoto? Jaketi ya mtu mzima humponyoka mtoto majini. Wavishe wanao kabla chombo hakijaondoka, wajifunze kufunga wenyewe.

Je, chombo kimelala upande, au kimezama kuliko kawaida? Mwombe baharia akuonyeshe mstari wa shehena. Akikasirika kwa kuulizwa, hilo nalo ni jibu.

Na la mwisho, ambalo ndilo gumu kuliko yote: uwe tayari kubaki. Nauli iliyopotea hulipwa kwa mwezi mmoja wa kubana matumizi. Usiwe wewe mwenye kumwambia baharia kwamba mtu mmoja zaidi si kitu, wala usimcheke mwenzako ashukaye ngazi na wanawe wakati wewe wapanda. Na ukimwona mtumishi wa chombo akikataa mzigo au abiria huku akitukanwa, usiungane na wanaomtukana. Simama upande wake, umshukuru kwa sauti ili wote wasikie, maana anayemkatalia mchuuzi gunia lake amekusudia wewe na wanao mfike salama.